Kujenga titi upya baada ya mionzi bila hadubini: msuli wa mgongo au wa tumbo?

Kisu_Mkoani

Wakuu, habari za kazi.

Naomba mawazo ya wanaofanya upasuaji rekebishi. Mazingira ni hospitali ya rufaa ya mkoa: wapasuaji wawili, daktari wa usingizi yupo, damu inapatikana, wodi ina wauguzi usiku. Hadubini ya kuunganishia mishipa hatuna, CT ya mishipa hatuna. Doppler (kifaa cha kusikiliza damu ikipita) tuliyonayo ni ile ndogo ya kusikiliza mtoto tumboni.

Mgonjwa ni mama wa miaka 40 na ushei. Titi la kushoto liliondolewa lote pamoja na tezi za kwapa baada ya kemo, kisha akapata mionzi 40 Gy kwa mara 15. Mionzi imeisha miezi 9 iliyopita. Anameza tamoksifeni (dawa ya kuzuia homoni kuchochea saratani). BMI (uwiano wa uzito na urefu) 31, hana kisukari, havuti sigara. Kajifungua kwa upasuaji mara 2, kovu la mlalo chini ya kitovu. Ngozi ya kifua imekuwa nyeusi, imekaza na kugandamana na mbavu. Titi la kulia ni kubwa na limeshuka. Analima kwa jembe. Titi la bandia la kuweka ndani ya sidiria kalikataa: linampa joto na linahama akiinama.

Nichague nini: mfuko wa kutanua ngozi kisha silikoni, msuli wa mgongo (LD), au TRAM (ngozi, mafuta na msuli wa tumbo) iliyobaki kwenye shina lake, yaani mishipa yake ya damu? Kama ni LD naomba hatua zake, hasa sehemu zinazoharibika. Na nitajuaje kwamba mshipa wa LD haukukatwa siku ya kusafisha kwapa? Taarifa ya upasuaji wa kwanza ina mistari minne tu.

---

MshonaMishipa

Daktari, maelezo yako yamekamilika kuliko rufaa nyingi tunazopokea, kwa hiyo nijibu kwa kirefu.

Mfuko wa kutanua ngozi uondoe kwenye orodha. Ngozi iliyopigwa mionzi haitanuki, inapasuka. Mishipa midogo imeziba, nyuzi za kovu zimejaa, na kila ukiongeza mililita 50 au 60 za maji ya chumvi shinikizo linaishia kwenye kovu la zamani. Mwisho wake ni mfuko kuchungulia nje na kuambukizwa. Hata ukifika salama kwenye silikoni, mwili unaizungushia gamba nene linalokaza mpaka titi linakuwa gumu, linapanda juu na linauma, yaani daraja la 3 au la 4 kwenye kipimo cha Baker cha ugumu huo. Kwenye kifua cha namna hii kanuni ni moja: leta ngozi na nyama zenye damu yake kutoka nje ya eneo la mionzi.

Zinabaki LD na TRAM. TRAM, aliyoieleza Hartrampf mwaka 1982, inatoa ujazo mkubwa bila silikoni, na kwa titi kubwa la upande wa pili inavutia. Kovu lake la uzazi si kizuizi, kwa kuwa TRAM ya shina inakula damu kutoka juu, kwenye ateri ya epigastriki ya juu. Kovu la kuogopa ni lile la mshazari chini ya mbavu, la upasuaji wa zamani wa nyongo, maana hilo hukata ateri hiyo na kumaliza mjadala kwa upande ule.

Kinachonizuia kwa mama huyu ni mambo mawili. BMI 31 inaongeza sehemu za mafuta kufa na kuwa mabonge magumu, na mabonge hayo yatakutisha baadaye kwamba ugonjwa umerudi. La pili ni ukuta wa tumbo. Ukichukua rektasi (msuli wa mbele wa tumbo) nzima unabaki na pengo la kuziba kwa wavu wa polipropilini, na mtu anayenyanyua ndoo na kuinuka na mzigo kila siku ndiye tumbo lake litakalovimba au kutoka ngiri. Ukilazimika kuifanya, chukua shina la kulia ili ukwepe ateri ya ndani ya kifua iliyokuwa kwenye eneo la mionzi, tupa kanda ya 4 (ncha iliyo mbali zaidi na shina) yote bila huruma, na siku 10 hadi 14 kabla funga mishipa ya epigastriki ya chini pande zote mbili kwa mikato midogo. Hilo la mwisho linaizoesha flapu (kipande cha ngozi na nyama kinachohamishwa) kuishi kwa damu ya juu kabla hujaihamisha.

Mimi ningechagua LD iliyopanuliwa, yaani msuli pamoja na mafuta yanayouzunguka, kisha baada ya miezi 6 kupunguza titi la kulia ili lifanane. Usijaribu kufikia ukubwa wa titi la kulia kwa LD. Mgongo hautoi ujazo huo. Shusha kulia badala ya kupandisha kushoto.

Kujua kama shina lipo. Simama mbele yake, mwambie aweke kiganja begani kwako na akandamize chini kwa nguvu. Wewe shika mkunjo wa nyuma wa kwapa. Msuli ukikaza mkononi mwako, neva ya thorakodosali (inayoendesha LD) iko hai, na kwa kuwa ateri na veni hutembea na neva hiyo, mara nyingi nazo zipo. Linganisha na kulia, kwa sababu msuli wa teresi kubwa uko jirani na unaweza kukudanganya. Msuli usipokaza, usikate tamaa: neva inaweza kuwa imekatwa na mshipa ukabaki. Ila hapo unahitaji Doppler ya 8 MHz. Ile ya wajawazito ni ya 2 au 3 MHz, imetengenezwa kusikiliza kina kirefu, na itakupa kelele za kifua kizima.

Hata mshipa ukiwa umekatwa juu, kuna akiba. Ateri ya thorakodosali hutoa tawi kwenda msuli wa serato (wa ubavuni) kabla ya kuingia LD. Ikiwa imefungwa juu ya tawi hilo, damu inaweza kurudi kinyumenyume kutoka serato na kuilisha flapu yote. Ndiyo maana tawi la serato haliguswi na mtu mpaka mwisho.

Michoro, akiwa amesimama. Chora ncha ya chini ya mfupa wa bega, mstari wa uti wa mgongo, ukingo wa nyonga, na ukingo wa mbele wa LD (mwambie ashike kiuno na akaze). Kisha pima upungufu wa ngozi: futi kamba kutoka mfupa wa mtulinga kupita usawa wa chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi, kulia na kushoto. Tofauti ndiyo ngozi unayoidai mgongo. Kipande cha ngozi kisizidi upana wa sm 7 au 8. Finya kwa vidole: kama kingo hazikutani kirahisi akiwa amesimama, hazitafungika mezani. Urefu sm 15 hadi 20 unatosha. Ulaze kwenye mstari wa sidiria ili kovu lifichike.

Chukua shashi, ishike kwenye kwapa pale shina litakapozungukia, ipime mpaka ncha ya kipande cha ngozi, kisha izungushe mbele ya kifua. Isipofika karibu na mfupa wa katikati ya kifua, sogeza kipande chako chini kabla hujakata, si baada.

Kunyanyua. Alale ubavu wa kulia, mkono wa kushoto nyuzi 90 mbele. Kata kipande cha ngozi ukiinamisha kisu kuelekea nje ili mafuta yaje na msuli. Ngozi ya mgongo unayoiacha ibaki na mafuta ya kutosha juu ya fashia (utando) ya juujuu. Ukiifanya nyembamba kwa tamaa ya ujazo, kingo za jeraha la mgongo zitakufa na utakaa na kidonda mwezi mzima. Hilo ndilo kosa la kawaida kwenye LD iliyopanuliwa.

Anzia kwenye ncha ya mfupa wa bega. Hapo nafasi chini ya LD ni laini, kidole kinaingia chenyewe. Ukianzia mbele chini, LD na serato vimeshikana, na utajikuta umenyanyua vyote viwili huku mbavu zikiwa uchi. Kuelekea uti wa mgongo utakutana na safu mbili za mishipa inayotoboa kutoka kati ya mbavu na kiunoni. Ifunge kwa uzi au klipu, usiichome tu. Ikikatika na kurudi ndani itavuja usiku. Usikate tabaka la ndani la fashia ya kiunoni. Ngiri ya kiuno huanzia hapo.

Ukifika juu, tenga LD na teresi kubwa, kisha tafuta shina upande wa chini wa msuli, sm 8 hadi 10 chini ya kilele cha kwapa. Kwa aliyesafishwa kwapa utakuta kovu gumu. Usiivue mishipa ikabaki mitupu: liache kovu likiizunguka, zungusha vyote kwa pamoja. Flapu ikifika kifuani bila kuvutwa, usiendelee kupanda juu kutafuta uzuri wa anatomia. Ukitaka kukata tawi la serato ili upate urefu, libane kwanza kwa klempu laini dakika 10 na uangalie kingo za ngozi. Zikiendelea kutoa damu nyekundu, kata. Zikisimama au kuwa za buluu, fungua na uliache.

Kano ya LD inayoshika mfupa wa mkono, kata sehemu kubwa, bakiza nyuzi chache nyuma. Nyuzi hizo ndizo zinazopokea mvuto badala ya shina endapo mtu atainua mkono ovyo wodini.

Kifuani. Ondoa kovu la zamani na ulipeleke maabara ya patholojia, hata kama linaonekana safi. Ngozi mbaya ya mionzi kati ya kovu na mkunjo wa chini ikate uitupe, weka ngozi ya mgongo mahali pake. Wengi huihurumia ngozi hiyo, kisha titi linatoka bapa chini, mahali panapotakiwa kujaa. Pitisha flapu juu kabisa ya kwapa, njia ya upana wa vidole 4. Baadaye shona upande wa nje kwa nyuzi 3 au 4 kwenye mstari wa mbele wa kwapa. Usiposhona hapo, baada ya miezi 3 titi litakuwa kwapani.

Mgongo unaufunga kwanza, unamgeuza alale chali, umkalishe nyuzi 45 hadi 60, ndipo uunde titi. Likunje juu ya lenyewe, shona juu na ndani kwenye msuli wa kifua, chini kwenye mkunjo. Lifanye kubwa kuliko unavyotaka, maana msuli usiofanya kazi unasinyaa mwaka wa kwanza. Kilichopungua unajaza kwa mafuta kuanzia mwezi wa 6: unayavuta tumboni, unazungusha dakika 3 kwa mizunguko 3,000, unaingiza kwa mistari myembamba. Tegemea theluthi hadi nusu yake kuyeyuka, na uache miezi 3 kati ya awamu.

---

Sista_Thieta

Naongezea upande wa meza, kwa sababu hapo ndipo muda na flapu hupotea.

Kumlaza ubavu kunahitaji mto mnene mbele na nyuma, shuka lililokunjwa chini ya mbavu karibu na kwapa la chini (siyo ndani ya kwapa), mto kati ya magoti, na sponji nje ya goti la chini ili neva inayopita pale isibanwe akaamka mguu unaburuta. Mkono wa upande wa upasuaji unasafishwa wote na kufungwa kwa soksi tasa, usifungwe kwenye ubao, kwa kuwa mpasuaji atahitaji kuusogeza. Kipimo cha presha na dripu vikae mkono wa kulia. Mkono wa kwapa lililosafishwa uachwe.

Antibayotiki ya cefazolini g 2 iingie ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, irudiwe baada ya saa 4. Chumba kisiwe baridi: nyuzi 24, dripu za moto. Mgonjwa akipoa, mishipa inajikunja na flapu inaonekana mbaya bila kosa la mpasuaji.

Andaa retrakta ndefu yenye taa, klipu za saizi mbili, dreni (mirija ya kutoa maji ya jeraha) 2 za mgongoni na 1 ya kifuani zenye chupa za kunyonya, nyuzi za kuyeyuka 2-0 pakiti za kutosha. Kushonea ngozi ya mgongo chini kwa chini kunakula nyuzi kuliko watu wanavyopanga. Wakati wa kumgeuza chali, flapu iwe imewekwa ndani ya mfuko wa kwapa, jeraha la mbele limefunikwa kwa plastiki tasa ya kunata. Mtu mmoja ashike eneo hilo kazi yake ikiwa hiyo tu. Hesabu shashi kabla ya kugeuza na urudie kabla ya kufunga mbele, maana majeraha ni mawili na shashi huhama kupitia njia ya kwapa.

La mwisho, nasisitiza sana: asifungwe bandeji ya krepu kuzunguka kifua na kwapa. Muuguzi wa usiku akiona dreni ina damu kidogo, mkono wake unakwenda kwenye bandeji. Bandeji hiyo inabana veni za shina na asubuhi flapu ni ya zambarau. Andika kwa herufi kubwa kwenye faili na ubandike karatasi ukutani juu ya kitanda: HAKUNA KUFUNGA BANDEJI, HAKUNA KULALIA UPANDE WA KUSHOTO. Acha dirisha kwenye plasta ili ngozi ionekane. Kila saa kwa saa 24 za kwanza: rangi, joto kwa mgongo wa kidole, na kubonyeza uhesabu. Rangi ikirudi kwa sekunde 2 au 3 ni sawa. Ikirudi haraka mno na ngozi ina rangi ya buluu, damu inaingia lakini haitoki. Ikiwa imepauka, ya baridi, na hairudi, damu haiingii. Kwa ngozi nyeusi rangi inadanganya, kwa hiyo choma kwa sindano ndogo: damu nyeusi inayotoka upesi ni veni, kutotoka kitu ni ateri. Yote mawili mpigie daktari saa hiyo hiyo, usisubiri raundi.

---

Kisu_Mkoani

Nashukuru sana wote. Maswali mawili yamebaki. Neva ya thorakodosali niikate au niiache? Nimeona pande zote mbili zikitetewa. Na mama huyu anategemea jembe: si ninamwokoa tumbo ili nimharibie bega?

---

MshonaMishipa

Ningeikata, na kuondoa kipande cha sm 1 au 2 ili ncha zisiungane. Ukiiacha, titi linaruka kila akikaza mkono, na wagonjwa wengi hulalamikia hilo kuliko kovu. Hoja ya kuiacha ni kwamba msuli utasinyaa kidogo. Lakini ujazo wa LD iliyopanuliwa unatoka zaidi kwenye mafuta, na mafuta hayahitaji neva. Nguvu ya bega haibadiliki kwa kuikata, kwa kuwa msuli tayari umetolewa mgongoni.

---

Bingwa_Kanda

Hapo kwenye neva natofautiana na mwenzangu, si kwa kanuni bali kwa kwapa hili. Kutafuta neva ndani ya kovu la kusafisha tezi ni kuichezea ateri iliyoshikamana nayo. Ikionekana wazi, kata. Isipoonekana ndani ya dakika chache, iache. Ikirukaruka baadaye, inaweza kukatwa kwa upasuaji mdogo baada ya miezi kadhaa, wakati ambapo flapu imeshaota mishipa mipya kutoka kifuani.

Naomba pia niseme kuhusu wagonjwa wanaofuata, maana thieta yenu ndiyo itakayowaondoa titi. Unaposafisha kwapa, ione na uihifadhi thorakodosali pamoja na tawi la serato, kisha uandike kwenye taarifa: imeonekana, imebaki. Sentensi hiyo moja inamwokoa atakayejenga. Usivuke mkunjo wa chini wa titi kama uvimbe hauko hapo. Mkunjo ukishavunjwa ni kazi kuurudisha mahali pake. Kovu liwe la mlalo au la mshazari kidogo, lisipande kwenye eneo la nguo ya shingo wazi, ambako keloidi (kovu linalovimba na kukua) hupenda kuota.

Kwa mwenye matiti makubwa ambaye ngozi yake haina ugonjwa, kuna njia isiyohitaji kifaa chochote, iliyoelezwa mwaka 2012 kwa jina la Goldilocks. Unachora kama unapunguza titi, unaondoa tezi yote, kisha ngozi na mafuta ya sehemu ya chini unayaondolea tabaka la juu tu na kuyakunja ndani yawe kilima. Titi linakuwa dogo, si bapa. Linafaa kwa mwenye BMI kubwa asiyevumilia saa nyingi za usingizi. Usilifanye kwa saratani ya titi iliyowaka, ile ambayo ngozi imekuwa nyekundu na kama ganda la chungwa. Kwa mgonjwa huyo ngozi iondoke yote, na ujenzi usubiri.

Kuhusu DIEP (ngozi na mafuta ya tumbo ambayo mishipa yake huunganishwa upya kifuani): ndiyo inayobakiza msuli wa tumbo, ndiyo chaguo la kwanza kwenye vituo vyenye hadubini. Lakini ni saa 6 hadi 8, mishipa ya milimita 2 au 3 inashonwa kwa uzi wa 9-0, na saa 48 za kwanza lazima timu iweze kurudi thieta usiku wowote. Kwa kambi ya upasuaji ya siku 5 ambapo wageni wanapanda ndege siku ya sita, si haki kwa mgonjwa.

---

Mionzi_na_Kemo

Miezi 9 tangu mionzi ni muda mzuri. Chini ya miezi 6 ngozi bado inabadilika na jeraha huchelewa kupona. Kabla ya kupanga tarehe, omba kituo kilichompa mionzi muhtasari wa matibabu, na uangalie kama tezi za ndani ya kifua ziliingizwa kwenye eneo. Hiyo itakwambia hali ya ateri ya ndani ya kifua ya kushoto iwapo siku moja mtafikiria tumbo. Pima kovu lote na kwapa kwa vidole. Kinundu chochote kichukuliwe sampuli kwanza, na jibu lirudi kabla ya ujenzi.

Tamoksifeni huongeza damu kuganda kwenye veni. Kuisimamisha wiki 2 hadi 4 kabla ya upasuaji mrefu hakuharibu tiba ya miaka 5 au 10, mradi irudishwe. Wengi husahau kuirudisha, kwa hiyo andika tarehe ya kurudia kwenye kadi ya mgonjwa. Wiki ya upasuaji mpe enoksaparini (ya kuzuia damu kuganda) mg 40 kwa siku na atembee kesho yake.

Kwa wale wa kujengwa papo hapo siku ya kuondoa titi: kama kemo inafuata baada ya upasuaji, ianze ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikivuka siku 90 matokeo ya saratani yanazorota. Jeraha la mgongo lililokufa kingo linaweza kula wiki zote hizo. Mgonjwa anayejulikana tangu mwanzo kwamba atahitaji mionzi ni bora asubiri, kama huyu alivyosubiri.

---

Viungo_Mazoezi

Kuhusu jembe, swali ni la msingi na mgonjwa alisikie kabla ya kusaini. LD ndiyo inayovuta mkono kutoka juu kwenda chini na nyuma: kushusha jembe, kutwanga, kuvuta kamba ya kisima, kujisukuma kutoka kitini. Ikiondoka, teresi kubwa na misuli mingine huchukua sehemu kubwa ya kazi, na kwa shughuli za nyumbani wengi hawaoni tofauti baada ya miezi 6 hadi 12. Kwa kulima kutwa nzima atachoka mapema upande huo. Muulize anashika mpini kwa mkono upi mbele. Kama ni wa kulia, hasara ni ndogo. TRAM ingemtoza kwenye kuinama na kunyanyuka, na kwa mkulima hiyo ni mbaya zaidi. Pekee ambaye ningemkataza LD kabisa ni anayetembea kwa magongo au anayejihamisha kutoka kiti cha magurudumu, kwa sababu mwendo wake wote uko kwenye msuli huo.

Ratiba: tangu siku ya 1 akunje na kunyoosha kiwiko na vidole, na apumue kwa kina. Bega lisivuke nyuzi 90 mpaka dreni zitoke. Baada ya hapo atembeze vidole ukutani mara 3 kwa siku, mpaka bega lifike juu kabisa ndani ya wiki 6. Asinyanyue zaidi ya kilo 2 kwa wiki 6. Jembe lisubiri miezi 3, aanze kwa nusu saa kwenye udongo laini. Kabla ya upasuaji pima mzunguko wa mikono yote miwili, sm 10 juu na sm 10 chini ya kiwiko. Mkono wa kushoto ukizidi kipimo chake cha awali kwa sm 2, huo ni uvimbe wa limfu unaoanza. Usipokuwa na kipimo cha mwanzo utabishana na nafsi yako.

---

Kisu_Mkoani

Nimeelewa, tunakwenda na LD iliyopanuliwa na nitaomba Doppler ya 8 MHz kwa hospitali ya kanda. Dreni za mgongoni nitoe lini? Wagonjwa wetu wanatoka mbali na hawawezi kukaa wodini wiki 3.

---

MshonaMishipa

Toa kila dreni inapotoa chini ya ml 30 kwa saa 24, siku 2 mfululizo. Mara nyingi ni siku ya 10 hadi ya 14 kwa LD iliyopanuliwa. Maji kujikusanya mgongoni ndilo tatizo la kawaida kuliko yote katika upasuaji huu, kwa hiyo lipunguze ukiwa bado thieta: shona ngozi ya mgongo kwenye ukuta wa chini kwa uzi wa 2-0, kila sm 3 au 4, safu kwa safu kutoka ndani kwenda kingo. Ni dakika 20 au 30 za ziada. Nyuzi zishike fashia ya juujuu, zisishike ngozi yenyewe, la sivyo mgongo utakuwa na vishimo.

Anaweza kwenda nyumbani na dreni siku ya 5 kama jamaa yake amefundishwa kufungua chupa, kupima, kuandika na kuifunga ikiwa imebanwa. Mpe daftari na kikombe cha kupimia. Arudi dreni ikitoa usaha, ikijaa damu ghafla, au ikisimama ghafla huku mgongo unavimba: hiyo imeziba. Dreni isizidi wiki 3, hata kama bado inatoa, maana sasa inakuwa njia ya vijidudu.

Maji yakijikusanya baada ya dreni kutoka, vuta kwa sindano ya geji 18 kwa usafi kamili, sehemu ya chini kabisa, mara 1 kwa wiki. Hapo hasikii maumivu, ngozi ile haina hisia kwa miezi. Rudia kwa wiki kadhaa, kiasi kitashuka chenyewe. Kikigoma kushuka na ukuta wa mfuko umekuwa mnene, mrudishe thieta, kata ukuta huo wote na ushone upya kwa safu zilezile.

Chuchu msiiharakishe. Subiri miezi 3 baada ya kupunguza titi la kulia, urefu ukiwa umetulia pande zote, na uifanye ndefu karibu mara mbili ya unayoitaka kwa kuwa itashuka nusu. Kama ana keloidi kwenye kovu la uzazi, usimkate tena kwa ajili ya chuchu.